Bei ya mbolea tunaijua. Udongo je?

Kila siasa ikipamba moto hapa kwetu, lazima mbolea itajwe. Mmoja anasimama juu ya gari anasema mfuko wa kilo 50 ameuteremsha bei. Mwenzake anamjibu ati bei ingeshuka zaidi kama si ufisadi. Umati unapiga makofi pande zote mbili. Nimefuatilia hii mijadala tangu nianze chuo, na kuna swali moja ambalo sijasikia mgombea akiulizwa: hiyo mbolea inaenda kwa udongo gani?

Uzi wa leo ni juu ya hilo. Sheria zetu ni zilezile. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama, na ukija kuniuliza niko upande gani nitakupita kama matatu iliyojaa.

Tuanze na maneno. Siasa za Kenya zinaijua ardhi. Hati miliki, mipaka, maskwota, dhuluma za kihistoria, viwanja vya umma vilivyonyakuliwa: hayo tunayajadili hadi usiku wa manane, na ni haki yetu. Hata Katiba ya 2010 imeeleza ardhi ni nini. Kifungu cha 260 kinataja uso wa dunia na mwamba ulio chini yake, kinataja maji, maliasili, hadi anga iliyo juu. Sasa soma polepole. Kati ya uso na mwamba ndipo udongo unakaa, na neno lenyewe halipo kwa hiyo orodha. Sisemi Katiba imeusahau, manake wakili yeyote atakuambia umo ndani ya hayo yote. Nasema tu inafanana na vile tunavyoongea. Ardhi ni ile unayopigania, udongo ni ule unaofua kwa suruali.

Na udongo ni nini hasa? Jibu la shule ya msingi ni "mawe yaliyosagika". Hilo halifiki hata nusu ya jibu. Chukua udongo mzuri wa tifutifu, ule mkulima akiushika mkononi anatabasamu. Kwa ujazo, karibu asilimia 45 ndiyo hayo mawe yaliyovunjikavunjika. Asilimia 25 hivi ni maji. Nyingine 25 ni hewa. Inayobaki, kama 5, ni mabaki ya vitu vilivyokuwa hai: majani, mizizi, samadi, miili ya wadudu, pamoja na viumbe ambao wako hai bado. Kwa hivyo nusu ya udongo mzuri ni nafasi tu, ambayo mvua ikinyesha inajaa maji na jua likiwaka inajaa hewa. Trekta nzito ikipita shambani wakati kumelowa, hiyo nafasi ndiyo inafinywa. Mizizi inakosa pumzi, na hapo hata uweke mbolea ya dhahabu.

Hizo sehemu unaweza kuziona mwenyewe leo jioni. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, weka udongo hadi theluthi moja, jaza maji, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache mezani. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja hivi. Juu yake, baada ya saa chache, zinatua punje laini kama unga, zile mto unaacha mashambani mafuriko yakiisha. Halafu maji yanabaki na rangi ya chai ya maziwa, siku nzima au hata zaidi. Hiyo rangi ni mfinyanzi. Punje zake ni ndogo kuliko milimita 0.002, ndiyo maana hazina haraka ya kushuka. Vijiti na majani vitaelea juu.

Mnauliza hii inahusu siasa vipi. Subirini, tunafika.

Mfinyanzi na ile mboji, hiyo asilimia 5, vina tabia moja muhimu kuliko zote. Juu ya uso wao kuna chaji hasi za umeme. Na vyakula vingi vya mmea, kama kalisi, magnesi, potasiamu na naitrojeni iliyo katika umbo la amonia, vina chaji chanya. Vinashikwa pale kama sumaku, mzizi unakuja kuchukua kidogokidogo. Fikiria rafu za duka. Mbolea ni bidhaa, udongo ndio rafu. Udongo wa kichanga una rafu chache, kwa hivyo unaleta bidhaa lori zima, mvua inanyesha, nyingi inasombwa kwenda chini au mtoni. Umelipa, lakini mahindi hayajala.

Mimi huona hapo ndipo mjadala wetu unapotea. Tunajadili bei ya bidhaa, na rafu hakuna anayeziuliza.

Tena rafu za Kenya hazifanani hata kidogo. Ukitoka Kiambu ukapanda hadi Murang'a unakutana na udongo mwekundu wenye kina kirefu, mmoja wa bora tulio nao. Mwea na nyanda za Kano ni ule mweusi mzito unaovimba ukilowa na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unaingia kwenye ufa. Wakazi wa Embakasi mnaujua kutoka kwa viatu vyenu na kwa kuta za nyumba zenye nyufa. Pwani kuna mchanga. Sehemu kubwa za magharibi zina udongo mwekundu uliozeeka sana, ambao mvua ya maelfu ya miaka imeuosha kalisi na magnesi, ikabakisha chuma na alumini. Ule wekundu ni chuma kilichoshika kutu, kama bati la zamani.

Halafu kwa hizi sehemu zote, mjadala wa kitaifa ni mfuko mmoja, bei moja.

Bei hiyo wacha niiseme ili tusibishane baadaye. Mwaka wa 2022 mbolea ilikuwa imepanda hadi zaidi ya shilingi 6,000 kwa mfuko wa kilo 50 madukani. Ruzuku ikaileta hadi 3,500 mwaka huohuo, kisha 2,500 mwaka wa 2023. Kwa mkulima aliyekuwa amekata tamaa hiyo ni nafuu ya kweli, na mtu aliyenunua unga wakati ule hawezi kudharau. Mwaka wa 2024 likaja sakata la mbolea ghushi ndani ya mpango huohuo wa ruzuku, kelele zikafika hadi bungeni. Wiki nzima nchi ikauliza ndani ya mfuko kuna nini. Swali zuri. Lakini mbolea inaweza kuwa halali kabisa, na muhuri wake, na bado isisaidie.

Hapa naomba mnivumilie na kemia kidogo, manake ndiyo roho ya uzi.

Mbolea ambayo wakulima wetu wengi wamepandia mahindi kwa miongo ni DAP. Kwenye mfuko utaona namba 18-46-0. Maana yake asilimia 18 ni naitrojeni na 46 ni fosforasi kwa vile viwanda vinavyoipima. Kazi kubwa ya fosforasi ni mizizi na mbegu kuanza vizuri. Sasa ipeleke kwa udongo wenye asidi nyingi. Asidi hupimwa kwa pH: 7 ni katikati, na kila hatua moja kwenda chini ni mara kumi. Yaani udongo wa pH 5 una asidi mara kumi kuliko wa pH 6, si kidogo tu kama namba zinavyodanganya macho. Mahindi hupenda kuanzia 5.5 kwenda juu. Ukishuka chini ya hapo, alumini iliyokuwa imelala ndani ya udongo inayeyuka na kuanza kuchoma ncha za mizizi. Mizizi inakuwa mifupi, minene, kama vidole vilivyokatwa. Na ile fosforasi uliyonunua inakamatwa na hiyo alumini na chuma, inafungwa, mmea hauioni. Iko shambani kabisa, hujaibiwa na mtu. Lakini ni kama pesa kwa benki ambayo imefunga milango.

Kuna la pili, na hili wanasiasa hawalipendi. Bakteria wa udongo wanapogeuza ile amonia ya DAP ili mmea uitumie, wanaachilia asidi. Mwaka mmoja si neno. Miaka ishirini mfululizo, mbolea ileile, mahindi yaleyale, mabua yakiondolewa kulishwa ng'ombe bila samadi kurudi, ni neno. Kwa hivyo mfuko unaosaidia msimu huu unaweza kuchangia kuufanya mfuko wa miaka ijayo usifanye kazi. Si mbolea peke yake yenye lawama, mvua nyingi nayo inaosha kalisi hata pale ambapo hakuna mtu amewahi kulima. Lakini ruzuku inayojua mbolea aina moja au mbili inasukuma wakulima wote upande mmoja.

Dawa yake imejulikana zamani: chokaa ya kilimo, ambayo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Inapunguza asidi, inarudisha kalisi, inailaza tena alumini. Si kitu cha kuagiza ng'ambo. Pale Koru, kaunti ya Kisumu, mawe ya chokaa yanachimbwa miaka mingi sasa, karibu tu na mashamba yanayoyahitaji.

Kwani shida iko wapi?

Nitawaambia ya nyumbani kwetu. Mama amekodisha ekari mbili Trans Nzoia kwa miaka kadhaa. Chama chao cha akina mama kiliamua kupima udongo, wakachanga, sampuli zikapelekwa. Ya kwake ikarudi na pH 4.8. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ananunua DAP, wakati mwingine kwa mkopo wa chama, akivuna magunia 11 au 12 kwa ekari na kujiambia mbegu ndiyo mbaya. Akaweka chokaa. Ni mzigo hiyo kitu. Kipimo kinachotajwa sana kwa udongo wa aina hiyo ni kama tani mbili kwa hekta, yaani mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari moja, na gharama ya lori inaweza kukaribia ya chokaa yenyewe. Msimu wa kwanza tofauti ilikuwa ndogo, baba akawa anacheka. Msimu wa pili akavuna magunia 19 kwa ekari. Msimu wa tatu mwenye shamba akasema anataka kodi ipande karibu maradufu, manake "shamba limeonekana ni zuri". Mama hakuwa na hizo pesa. Shamba likarudi kwa mwenyewe, chokaa ikiwa ndani.

Mwenye shamba hakuvunja sheria yoyote. Mkataba ulikuwa wa msimu kwa msimu, kama mikataba mingi ya mashinani, mingine hata haijaandikwa. Lakini tazameni hesabu yake kisiasa. Anayelipia udongo leo anaweza asiwe ndiye atakayevuna kesho. Mbolea unaiweka Machi, unavuna mwisho wa mwaka, imekwisha. Chokaa unaiweka leo, inalipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu, minne, mitano. Mpangaji hawezi kuwekeza hivyo. Mke anayelima shamba ambalo hati yake ina jina la baba mkwe naye anafikiria mara mbili. Kwa hivyo lile swali la ardhi tunalolipenda linarudi, lakini kwa mlango ambao hatukuutarajia. Nani ana usalama wa kutosha kwa shamba mpaka akubali kulisha udongo wake?

Na mgombea ana hesabu kama ya mpangaji. Muhula ni miaka mitano. Mfuko wa mbolea una picha: lori, foleni, mtu anabeba begani, kamera hapo. Chokaa ni vumbi jeupe, inamwagwa wiki nyingi kabla ya kupanda, na matokeo yake yanaonekana wakati huenda mtu mwingine ameshakalia kiti. Sijui kama kuna haja ya kumwita mtu mwovu hapo. Mfumo wetu unamlipa anayetoa mfuko.

Hata marais wa Afrika wakiwa pamoja walifikiri hivyo. Mwaka wa 2006 pale Abuja waliweka lengo la bara zima: kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Kilo ngapi zimemwagwa, basi. Ilipofika Mei 2024 mkutano mwingine ulifanyika hapahapa Nairobi, na safari hii afya ya udongo ikawekwa kwenye jina la mkutano wenyewe, pamoja na ahadi ya kurejesha angalau asilimia 30 ya udongo ulioharibika ifikapo 2034. Ukiniuliza, hayo ni maendeleo ya lugha. Kama ni maendeleo ya shamba tutajua kwenye bajeti.

Sasa kuna upande wa pili wa mjadala, na siwezi kuuacha hivihivi kwa sababu vijana wenzangu wengi mtandaoni wako huko. Huu unasema mbolea ya kiwanda ni sumu, tuipige marufuku, turudi kwa samadi ya babu. Wako sawa juu ya samadi. Mboji ndiyo rafu bora zaidi hasa kwa udongo wetu mwekundu mzee, ambao mfinyanzi wake una chaji kidogo. Ndiyo nyumba ya minyoo, kuvu na bakteria. Ndiyo inashika maji kiangazi kikija. Maharagwe nayo yanaleta naitrojeni bure kutoka hewani, kwa bakteria wanaokaa kwenye vile vinundu vya mizizi. Ng'oa mharagwe uangalie, ukipasua kinundu ukikuta ndani ni rangi ya waridi ujue kazi inafanyika.

Lakini kupiga marufuku? Nchi moja ilijaribu. Sri Lanka, Aprili 2021, serikali ilizuia mbolea za viwandani kuingia nchini, karibu kwa ghafla. Mavuno ya mpunga yakaanguka, nchi iliyokuwa ikijilisha mchele ikalazimika kuagiza, wakulima wa chai wakalia, na kufikia Novemba mwaka huohuo amri ikalegezwa. Hakuna aliyekuwa amehesabu samadi ya kutosha ingetoka wapi. Hapa kwetu, familia yenye robo ekari na ng'ombe mmoja inaweza kuwa na samadi ya mboga za nyuma ya nyumba, si ya mahindi ya mwaka. Kila gunia la mahindi likiuzwa Nairobi linaondoka na fosforasi na potasiamu ya shamba lile, na choo cha Nairobi hakiirudishi Kitale. Lazima kitu kirudishwe. Mtu akikuambia ni moja kati ya mbili, mfuko au mboji, anakuuzia kauli mbiu.

Kitu kingine ambacho mijadala yetu imesahau: udongo umewahi kuwa siasa kubwa Kenya, tena siasa ya kupigwa na kufungwa. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona mmomonyoko kwenye maeneo waliyowabanisha Waafrika, ikasema tatizo ni Waafrika wenyewe na mifugo yao mingi. Haikusema watu wamebanwa kwa sababu nyanda nzuri zimechukuliwa. Ukambani, mwaka wa 1938, ng'ombe walinyang'anywa kwa lazima kwa jina la kuokoa udongo. Watu wakatembea hadi Nairobi kumwona gavana, wakapiga kambi huko wiki kadhaa, na mpango ukalegezwa. Kiongozi wao ana barabara katikati ya jiji leo, mnaipita mkienda sokoni.

Murang'a, enzi hizo ikiitwa Fort Hall, kazi ikawa ni kuchimba matuta. Kwa lazima, bila malipo, chini ya machifu, na wengi waliochimba walikuwa wanawake. Mwaka wa 1947 watu wakagoma, na mwaka uliofuata wanawake wenyewe wakainuka. Ukisoma hiyo historia haraka utadhani walipinga matuta. Walipinga kulazimishwa kutengeneza udongo huku wakinyimwa ardhi, na mimi naona hiyo ni hoja timamu kabisa.

Ushahidi wangu ni yaliyotokea baadaye Machakos. Baada ya uhuru, watu walewale walionyang'anywa ng'ombe walichimba matuta kwa hiari, kwa vikundi vya mwethya, kilomita juu ya kilomita. Walichagua aina waliyoipenda, ile ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu. Kote duniani wataalamu wanaiita kwa jina lake la Kiswahili, fanya juu. Idadi ya watu ikaongezeka sana na bado mmomonyoko ukapungua. Kitabu cha watafiti kilichotoka mwaka wa 1994 kiliyaeleza hayo kwa urefu na kinasomwa hadi leo vyuoni, nami nilikisoma kwa darasa la sera. Kilichobadilika katikati ni shamba kuwa la mtu, soko la kahawa na matunda kufunguka, na uamuzi kuwa wake.

Na tusipofanya? Pitieni Malindi mvua zikinyesha bara. Mto Galana unamwaga maji mekundu baharini hadi ufuo unabadilika rangi. Ule wekundu ni udongo wa juu wa watu wa Ukambani na kwingineko, ile sentimita chache zenye mboji yote. Asili huchukua mamia ya miaka kutengeneza sentimita moja. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, nalo linajaa tope la Mto Tana, na bwawa likipoteza nafasi ya maji, umeme na maji ya kunyunyizia mashamba vinapungua. Kwa hivyo hata wewe wa Umoja usiye na shamba, udongo wa mtu mwingine uko kwenye bili yako ya stima.

Haya, nani anafaa kuulizwa? Hapa watu huchanganya sana, na wanasiasa wanafurahia mchanganyiko huo. Jedwali la Nne la Katiba linaacha sera ya kilimo kwa serikali ya kitaifa. Kilimo chenyewe cha mazao na mifugo ni cha kaunti. Na ukishuka kidogo kwenye orodha ya kazi za kaunti utakuta utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji, umeandikwa kwa maneno hayohayo. Kwa hivyo gavana akikuambia "hiyo ni ya Nairobi", si kweli yote. Na mtu wa kitaifa akija kugawa mbolea kana kwamba kaunti haina kazi, naye si kweli yote. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na hakijaeleza kama njaa hiyo ni ya kaunti au ya taifa.

Kwa hivyo mkienda kwa kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti, msiulize bei ya mbolea, hiyo mtaambiwa bila kuuliza. Ulizeni kaunti ina maafisa wa kilimo wangapi wa kutembelea wakulima, na kila mmoja anahudumia watu wangapi. Ulizeni kuna kifaa cha kupima udongo ambacho kinafanya kazi, au kilizinduliwa kwa utepe kikaishia stoo. Ulizeni kama chokaa iko kwenye ruzuku, na kama usafiri wake umo. Ulizeni orodha ya mbolea inayoletwa ililinganishwa na vipimo vya udongo wa wadi yenu au ni ileile ya mwaka jana. MCA akikosa jibu mwambieni alete kikao kijacho, na mrudi kweli.

Wengine mmeniuliza kuhusu kupima, nimalizie na hilo. Maabara zipo, KALRO wana za udongo, ikiwemo ile ya Kabete. Sampuli ichukuliwe wiki nyingi kabla ya kupanda, ili chokaa ikihitajika ipate muda. Tembea shambani kwa mstari wa kukata pembe, kama herufi Z, uchimbe sehemu kumi hadi kumi na tano kwa kina cha sentimita 20 hivi. Epuka palipokuwa na zizi, palipochomwa takataka, kando ya ua na njia ya miguu. Changanya yote kwenye ndoo safi ambayo haijawahi kubeba mbolea, chota kama nusu kilo, anika kivulini, andika jina la shamba. Kama sehemu moja ni nyekundu na nyingine nyeusi, hizo ni sampuli mbili. Gharama mkiwa kikundi inagawanyika. Na kama shamba ni la kukodi, kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa chokaa, kaa chini na mwenye shamba mwandike mkataba wa miaka mitano.